Bahari Inayofuata Mwezi

Miongoni mwa maajabu yanayopita kila siku mbele ya wakazi wa Dar es Salaam bila kutazamwa ni kujaa na kupwa kwa maji, jambo ambalo abiria wa panton ya Kigamboni hukutana nalo asubuhi na jioni, huku wengi wao wakiwa wameinamia simu. Chanzo chake ni mvutano wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua, ambao huinua bahari mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na ndiyo maana maji huchelewa kidogo kila siku kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili huvuta katika mstari mmoja na kuleta bamvua, yaani maji makuu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, yenye tofauti ndogo. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hawana anasa ya kulipuuza jambo hili, kwa kuwa bahari ndiyo inayowapangia saa za kazi. Kwa mtu wa mjini, dakika chache kando ya mikoko ya Kunduchi maji yanapokupwa zatosha kulishuhudia, kwani tope hufunuka na kaa dume wadogo, wenye gando moja kubwa mno, hutoka mashimoni wakilipunga kuwaita majike, huku wakijilisha kwa lile dogo.