Gari Lisilo na Dereva, Kosa ni la Nani?



Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, Elaine Herzberg alikuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Gari la Uber lililokuwa kwenye majaribio ya kujiendesha likamgonga, akafariki dunia. Wachunguzi wa serikali walibaini kuwa vifaa vya gari vilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kompyuta ikababaika: mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli. Haikuundwa kumtarajia mtu anayevuka nje ya kivuko.

Nje ya kivuko! Hapa Singida ng'ombe, punda wa mkokoteni na bodaboda yenye gunia la alizeti hukatiza popote.

Mwaka 2019 waendesha mashtaka waliamua kuwa kampuni haina kesi ya jinai. Aliyetiwa hatiani, mwaka 2023, ni msimamizi wa gari hilo aliyekaa kwenye usukani huku simu yake ikionyesha kipindi cha televisheni. Alizembea, hilo halina ubishi. Lakini breki za dharura zilizokuja na gari kutoka kiwandani zilizimwa kila kompyuta iliposhika uendeshaji, na uamuzi huo haukuwa wake. Kumbebesha yeye peke yake si haki.

Wengi hupenda kuuliza kama gari linaloshindwa kusimama limwokoe mzee au mtoto. Watafiti wa chuo cha MIT walikusanya majibu ya maswali kama hayo takriban milioni 40 duniani kote. Swali la nani awajibike ni zito zaidi, na linafika hadi Nairobi. Mwaka 2018 BBC iliwaonyesha vijana wa kampuni ya Samasource wakichora kwa kipanya mstari kuzunguka kila kitu pichani, huyu mtu, hii alama ya barabarani, ili magari yanayojiendesha yajifunze kuona. Ujira wao ulikuwa kama dola 9 kwa siku.

Wahitimu wa kidato cha nne mnaoagwa leo hapa Mungaa, miongoni mwenu wapo watakaosomea uhandisi, kompyuta na sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa ikimlenga dereva mwenye leseni. Siku itakapoandikwa upya, muwepo mezani, na mdai mtengenezaji atajwe kabla ya aliyekaa kwenye usukani.