Vina, Mizani na Takriri katika Shairi la T. S. Eliot kuhusu Paka Macavity

Mada hii inachambua shairi la T. S. Eliot kuhusu Macavity, paka mhalifu anayewashinda polisi wa Scotland Yard, lililomo katika kitabu Old Possum's Book of Practical Cats kilichotoka mwaka 1939. Ni rahisi kulipuuza shairi hili kama burudani ya watoto, hasa likiwekwa kando ya The Waste Land ya mwaka 1922, ilhali ufundi wake unastahili kusomwa kwa umakini uleule. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kichekesho hakitokani na visa pekee, bali huzalishwa na umbo lenyewe: paka anayetafutwa hakutwi kamwe mahali pa tukio, lakini jina lake halikomi kusikika.

Mizani katika ushairi wa Kiswahili ni hesabu ya silabi, nane katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, na nane katika utao, yaani kipande cha pili, kwa shairi lililozoeleka. Kiingereza huhesabu zaidi silabi zenye mkazo, na mshororo wa shairi hili una mikazo saba, ambayo mara nyingi hugawanyika minne kwa mitatu kama katika baladi, utungo wa masimulizi wa jadi. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza, mikazo minne inawafikisha polisi mahali pa tukio. Hapo kinawekwa kistari, msomaji anavuta pumzi, kisha mikazo mitatu iliyobaki inatangaza kwamba Macavity hayupo. Kwa kuwa kistari kimekaa mahali ambapo mizani yenyewe inadai kituo, msomaji husita kama askari aliyefungua mlango akakuta chumba kitupu.

Tangazo hilo ndilo kibwagizo, na uzito wake unaonekana zaidi katika vina. Mishororo huenda miwili miwili yenye kina kimoja, na mshororo unaotangulia kibwagizo hulazimika kuishia kwa sauti yake, kwa maneno yenye maana kama kukata tamaa, hewa au matengenezo. Baada ya beti chache sikio hulitambua kina hicho mapema, hata likajua kwamba paka ametoroka kabla polisi hawajajua. Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa.

Takriri, yaani urudiaji wa makusudi, hulibeba pia jina la mhusika, ambalo hutajwa mara tatu katika mshororo mmoja unaorudi mara kadhaa. Jina hilo hufanywa kina pamoja na gravity, depravity na suavity, yaani uvutano wa dunia, upotovu na ulaini wa tabia. Vina vya aina hii, ambavyo silabi yenye mkazo hufuatwa na mbili zisizo na mkazo, huelekea kuchekesha katika Kiingereza, kwani hudhihirisha juhudi za mtunzi.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika ubeti wa mwisho. Kibwagizo kinakuja kwa herufi kubwa na katika wakati uliopita, lakini shairi haliishii hapo. Linaendelea kwa vina vingine na kumfananisha paka na Napoleon, mfano ambao mpelelezi Sherlock Holmes aliutumia kumwelezea hasimu wake mhalifu, Profesa Moriarty, katika hadithi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1893. Msomaji aliyezoezwa kutarajia ubeti ufungwe kwa kibwagizo anajikuta ameachwa na mhalifu aliyekiponyoka hata kibwagizo chake mwenyewe.