Tumsomeshe Muuguzi au Tununue Unga?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika



Baadhi ya sharika zimeuliza swali la haki: kwa nini fedha za lishe zimsomeshe muuguzi mmoja shahada ya uzamili, wakati zingenunua unga wa uji kwa watoto wengi? Naomba nijibu.

Kwanza, utapiamlo mkali hautibiwi kwa kushibisha. Mwili wa mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu umeshazoea njaa. Akipewa chakula kingi kwa haraka, moyo unaweza kushindwa kazi, akafa mikononi mwa watu waliomtakia mema. Ndiyo maana wodini huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Maziwa ya F-100, yenye nguvu zaidi, hufuata hali ikitulia. Hata dawa ya madini ya chuma husubiri. Anayesimamia haya lazima ajue sababu zake.

Pili, tatizo sasa lina sura mbili. Kwa takwimu za taifa letu, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 44 mwaka 2004/05. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Tunamshukuru Mungu. Lakini wanawake wenye uzito uliozidi walipanda kutoka asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi 28 mwaka 2015/16. Nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye kisukari. Mama huyo hahitaji unga wetu. Anahitaji mtu wa kumpangia mlo kwa vyakula anavyovimudu, kama dagaa, maharage, mchicha na dona, tena bila kumwaibisha, maana kwetu unene bado huhesabiwa dalili ya matunzo mema.

Tatu, masomo hayo yapo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha uzamili wa lishe ya binadamu.

Sisemi tuache kununua unga. Naomba kila kamati ijadili kutenga sehemu ya mchango wake kwa masomo haya, na muuguzi atakayechaguliwa asaini mkataba wa kurudi kuhudumu hospitalini kwetu na kuwafundisha wenzake.