Kukaa si Kungoja

Mazungumzo kwa wanachama, mkutano wa mwezi, Uvira



Kabla ya hesabu za likelemba, kamati imeomba tuseme kidogo juu ya kupumzika. Tunaona wengine wanacheka tayari: mtu hana kiwanja, atapumzika wapi? Mutuvumilie kidogo.

Tuseme ukweli: sisi hatujui kukaa. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Wengine tulizaliwa mule, wengine tulizeekea mule. Na kule, kukaa kulikuwa kungoja. Tulikaa tukingoja rasheni. Tulikaa tukingoja majina yabandikwe. Tulikaa tukingoja msafara wa Kigoma, tuvuke ziwa. Ndiyo maana leo mtu akikaa dakika tano tu, moyo unamwambia: simama, kuna kitu kinakupita.

Basi tunazunguka mji kutwa nzima, na jioni hatukumbuki tuliona nini. Usiku usingizi hauji. Upepo ukigonga mlango, nyumba nzima inaruka. Mtoto anauliza jambo dogo, anapigwa kofi. Ugomvi mwingi unaoletwa kwa kamati unaanzia hapo, si kwenye chumvi ya sombe.

Kuna mama mmoja wetu anauza ndagala, wale tuliozoea kuwaita dagaa kule Kigoma. Jioni, jua likishajificha nyuma ya milima, huku kwetu kivuli na upande wa Burundi bado kunang'aa, anashusha beseni lake, anakaa juu ya jiwe kando ya ziwa, miguu kwenye mchanga. Kijana mmoja akamuuliza:

«Mama, uko unangoja nani?»

«Siko nangoja mutu. Niko tu.»

Neno hilo ndilo tunalolileta leo. Kuwa hapa tu, kwa akili na kwa mwili. Hakuombi makuta, wala hakuombi siku nzima.

Ukiwa kwenye bomba, bidoni zimepangwa na zamu yako bado, sikiliza miguu yako inavyokanyaga chini. Kisha tafuta sauti tatu: maji, pikipiki, mtoto anayelia. Usizihukumu, zisikie tu. Ukitoka sokoni, tembea avenyu moja bila kushika simu, usikie upepo wa ziwa usoni. Ukipata kivuli cha mwembe, vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi. Mawazo yatakuja: deni, kiwanja, minervali ya watoto. Usipigane nayo. Yaone, kisha rudi kwenye pumzi, hata mara ishirini. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe.

Na sasa tahadhari, kwa sababu tunajua tulikotoka. Hakuna anayelazimishwa kufunga macho. Aliyeona vita ayaache wazi, aegemeze mgongo kwenye ukuta au mti. Tuchague mahali penye watu, na turudi nyumbani kabla ya giza. Mvua ikinyesha milimani, tusikae ukingoni mwa Mulongwe; Aprili 2020 hatujaisahau. Hofu ya zamani ikipanda, acha, simama, ita jirani, ongeeni hata habari za bei ya makala. Ikirudi kila siku, njoo tukusindikize kituo cha afya. Hiyo si aibu.

Hatuwadanganyi. Pumzi hairudishi kiwanja. Kesi zinaendelea na kamati inazifuata. Lakini tumeona mtu ambaye hajalala akisimama mbele ya wazee: anapaza sauti, anatukana, na haki yake inapotea mdomoni mwake mwenyewe. Aliyetulia anakumbuka majina ya mashahidi.

Tena tusiwaite wavivu wale wanaokaa kidogo. Baba akikaa mlangoni jioni bila kufanya kitu, tumwache. Mama naye apewe dakika zake. Watoto wakubwa waangalie moto.

Kamati inapendekeza hivi: kabla ya kila mkutano, dakika tano nje, chini ya mwembe wetu, simu zimezimwa. Tuanze leo, hesabu zitatungojea. Mpita njia akiuliza tunangoja nini, jibu tunalo.

Tutoke sasa, wazee watangulie.