Ufundi wa Friji: Kutoka Gerezani Hadi Cheti

Kijana anayejifunza ufundi wa friji na viyoyozi kwa fundi mkuu pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huanza kwa kushika spana na kutazama. Baadaye huchomelea mabomba ya shaba, huvuta hewa kwa pampu, hupima presha na kujaza gesi. Ukiwa wewe ndiye mwanafunzi, muulize fundi wako sababu ya kila hatua. Usiachie gesi hewani: gesi ya R-22 huharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inaiondoa hatua kwa hatua. Gesi ya R-600a, inayotumika katika friji nyingi mpya, huwaka. Usichomelee kabla ya kuitoa yote. Ukishaiva, nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe ukaulize utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtaani. Ukipimwa na kufaulu, unapata cheti.