Ushahidi wa Barafu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Sheria yetu haikubali ushahidi wa uvumi. Shahidi husema alichokiona. Leo tuuangalie ushahidi wa barafu.

Sisi wa Zombo, hapa Kilosa, hatujaziona ncha za dunia ambako hata bahari huganda. Waliokwenda kupima huko wamekuta kwamba theluji mpya hurudisha juu kiasi cha sehemu nane katika kumi za mwanga wa jua, na maji meusi ya bahari hayarudishi hata sehemu moja. Kwa hiyo barafu ikipungua, joto huongezeka. Na joto likiongezeka, barafu huzidi kupungua.

Nchini mwetu barafu iko juu ya Kilimanjaro. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 hazikutimia mbili. Wengi walihukumu upesi kuwa ni joto peke yake. Lakini mwezi wa Februari 2000 viliwekwa kileleni vyombo vya kupimia jua, upepo na unyevu. Ikabainika kwamba katika baridi ile na hewa ile kavu, barafu nyingi hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Na theluji mpya ikiadimika, barafu kuukuu hubaki wazi ikinywa jua. Kuongezeka kwa joto la dunia hakukukanushwa. Kulielezwa kwa uadilifu zaidi.

Ndugu zetu, katika Sura ya Ar-Rahman Mwenyezi Mungu ametutajia mizani, akatukataza kuipunja. Je, sisi twapima nini? Masika yakichelewa, twasema dunia imeharibika, kisha twanyamaza. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Kilosa ilipatwa na mafuriko makubwa. Watu wakapoteza nyumba, reli ikakatika. Ni nani miongoni mwetu aliyeandika kipimo cha mvua ya siku zile?

Kusema ni kadari ni kweli, lakini kadari haituondolei wajibu wa kutazama. Basi kila madrasa iwe na kipima mvua na daftari, na vijana waandike kila asubuhi. Watakaolima baada yetu watauhitaji ushahidi huo, nasi tutaulizwa tuliutunza vipi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Amin.