Kufungua Shule kwa Usalama Wakati wa Mlipuko: Wajibu wa Usharika

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika, wakuu wa shule na wawakilishi wa washirika wetu.)



Sisi wa ofisi ya miradi tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kufungua shule wakati ugonjwa wa mlipuko bado upo katika jamii. Huenda wengine wanajiuliza kwa nini tulirudie jambo hili leo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Barakoa zimewekwa kando na watoto wako madarasani.

Jibu letu ni fupi. Mwaka huo huo wa 2023 mkoa wa Kagera ulipata ugonjwa wa Marburg, na Januari 2025 ugonjwa huo ulithibitishwa tena wilayani Biharamulo. Kipindupindu nacho hakijatuaga. Amri ya kufunga shule haitoi taarifa ya miezi mitatu ili kamati zikutane. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa tunauona tungali na muda.

Tulikotoka

Tukumbushane kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule. Vyuo na kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni 2020, na shule nyingine tarehe 29 Juni 2020. Watoto wetu walikaa nyumbani zaidi ya miezi 3.

Majirani zetu walikaa zaidi. Kenya ilifunga Machi 2020, ikarudisha baadhi ya madarasa Oktoba, yakiwemo ya watahiniwa, na kufungua kwa wote Januari 2021. Uganda ilifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili tangu ifunge mara ya kwanza. Watoto wapatao milioni 15 waliguswa. Ziko familia huko ambazo mtoto aliacha kalamu akiwa darasa la tano, na shule zilipofunguliwa alikuwa tayari ni kibarua au ni mama.

Hatuyasemi haya ili kulaumu nchi yoyote. Kila Serikali ilikuwa inapima hatari mbili: ya mtoto kuugua au kupeleka ugonjwa kwa bibi yake nyumbani, na ya mtoto kukosa shule. Hatari zote mbili ni za kweli. Anayesema shule zisifungwe kamwe anaisahau ya kwanza. Anayesema zifungwe mpaka ugonjwa uishe kabisa anaisahau ya pili. Kazi ya kamati ni kuiweka shule tayari, ili ikifungwa ifungwe kwa muda mfupi, na ikifunguliwa ifunguliwe kwa usalama.

Baba yetu Luther na tauni

Jambo hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki mjini, akahudumia wagonjwa, na akaendelea kuwafundisha wanafunzi wachache waliobaki. Mwaka uliofuata chuo kilirudi. Wachungaji wa Breslau walipomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni, alijibu kwa waraka mrefu. Aliwaeleza kwamba mwenye dhamana juu ya watu asiwaache, na pia kwamba kudharau dawa na kujipeleka penye ugonjwa bila sababu si imani bali ni kumjaribu Mungu.

Tunalikumbuka hili kwa sababu katika sharika zetu maneno ya namna mbili yalisikika mwaka 2020: kwamba mwenye imani hahitaji kujikinga, na kwamba mwenye akili asikaribie watu. Mafundisho yetu hayakubaliani na lolote kati ya hayo. Tunajikinga, na tunabaki kwenye wajibu.

Swali la kwanza: ugonjwa unaambukizwaje?

Kabla ya kununua kitu chochote, kamati imwulize mganga wa zahanati au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya: ugonjwa huu unapita njia gani? Magonjwa hayafanani. Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Marburg hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. UVIKO-19 hupita zaidi katika hewa tunayovuta pamoja.

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020 mkazo mkubwa ulikuwa kwenye mikono na kupangusa meza. Baadaye wataalamu walieleza wazi zaidi kwamba hewa ya ndani iliyotuama ndiyo hatari kubwa. Hii ni habari njema kwa shule maskini, kwa maana dirisha lililo wazi halilipiwi bili. Lakini nendeni mkayatazame madirisha yenu. Mengine yamezibwa kwa mabati au matofali baada ya kuvunjwa. Mengine hayafunguki kwa sababu makabati yamesukumwa mbele yake. Katika shule zetu za ukanda wa baridi walimu huyafunga asubuhi nzima. Tunashauri yafunguliwe ya pande mbili zinazokabiliana ili hewa ipite, watoto waruhusiwe kuvaa masweta na makoti hata yasiyo ya sare, na somo linaloweza kufundishiwa chini ya mti lifundishiwe huko.

Kuhusu umbali, mwongozo ulikuwa mita 1 kati ya mtu na mtu. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 katika darasa moja. Sote tunajua madarasa yenye watoto 90, watatu au wanne katika dawati moja. Hapo mita 1 haiwezekani bila zamu mbili. Zamu nazo zinamchosha mwalimu, kwa hiyo kamati inayopanga zamu ipange pia chakula chake cha mchana. Mwaka 2021 na 2022 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Tunashukuru. Shule zilizopata madarasa hayo ziyalinde yasigeuzwe stoo.

Maji na sabuni: tufanye hesabu

Ndugu wajumbe, chukueni kalamu. Shule ina watoto 400. Kila mtoto ananawa mara 3 kwa siku: anapoingia, anapotoka chooni na kabla ya kula. Kila mara anatumia nusu lita. Hizo ni lita 600 kwa siku. Tenki la lita 5,000 likijaa leo, litamaliza siku 8. Siku ya 9, kama hakuna mvua wala bomba, watoto watatazama tenki zuri lenye maandishi ya mfadhili, na hawatanawa.

Kwa sababu hiyo tunazihimiza shule zitengeneze vibuyu chirizi. Kidumu cha lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kuning'inizwa. Hakuna mkono unaogusa bomba, na maji yanayotumika ni kidogo sana. Watoto wenyewe wanaweza kukitengeneza na kukitunza. Kiwekwe karibu na mlango wa choo, si kwenye ofisi ya mwalimu mkuu kwa ajili ya wageni.

Na vyoo visisahauliwe. Kiwango cha nchi yetu ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kila kamati ihesabu matundu yake yanayotumika, si yale yaliyomo katika taarifa.

Mtoto anayeumwa

Jambo ambalo halina gharama kubwa, na ndilo gumu kuliko yote, ni kumwambia mzazi: mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Mzazi anayekwenda shambani hana wa kumwachia mtoto. Mtoto naye anaogopa adhabu ya utoro. Mwalimu mwenyewe, akiumwa, anaogopa kuonekana mvivu. Tunapendekeza kila shule iwe na kanuni tatu zilizobandikwa ukutani: mtoto anayeumwa haandikiwi utoro, mwalimu anayeumwa hapunguziwi chochote, na kipo chumba kimoja chenye madirisha na kitanda, ambamo mtoto aliyezidiwa atakaa na mtu mzima mpaka mzazi afike. Shule za bweni ziongeze nafasi kati ya vitanda, na ziwe na namba za simu za wazazi wote katika daftari moja, si katika simu ya matroni peke yake.

Nani hakurudi?

Sasa tunafika penye uzito. Tukifungua shule, tuna desturi ya kuwahesabu waliokuja. Tunaziomba kamati zianze na wale ambao hawakuja. Kila usharika una wazee wa kanisa wanaozijua nyumba za mtaa wao kuliko ofisi yoyote. Wiki ya kwanza ya kufungua, mwalimu awape orodha ya majina. Wiki ya pili wazee wawe wameingia kila nyumba na kurudi na sababu: ada, njaa, kibarua cha mjini, ugonjwa, ujauzito.

Hapo kwenye ujauzito tuzungumze kwa uwazi. Sierra Leone ilifungua shule zake Aprili 2015 baada ya Ebola. Wasichana waliopata mimba wakati wa mlipuko walikatazwa kuingia darasani mimba zao zikiwa zinaonekana, na katazo hilo liliondolewa Machi 2020. Kwa wasichana hao shule haikufunguliwa. Katika nchi yetu, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo, hata kwa sababu ya ujauzito, anaweza kurudi katika mfumo rasmi. Mlango wa Serikali uko wazi.

Tunauliza: mlango wa usharika je? Msichana anapokuwa chini ya marudi ya kanisa, baba yake huona aibu kumlipia ada, na wajumbe wa kamati huona aibu kumtaja katika orodha ya wanaohitaji msaada. Hatukuja hapa kubadili taratibu za Kanisa. Hilo lina vikao vyake. Tunachoomba ni kwamba marudi yasigeuke kuwa kufukuzwa shule. Binti anaweza kuwa anasubiri kurudishwa kundini na wakati huo huo awe darasani na daftari lake. Tena tukumbuke kwamba wengi wa mabinti hawa ni watoto waliodhulumiwa na watu wazima. Mwenye kustahili kujibu maswali ya wazee mara nyingi ni mtu mwingine, naye labda ameketi kanisani kwa utulivu.

Fedha

Marafiki zetu wafadhili, tunawashukuru kwa matenki, ndoo na vitakasa mikono. Bila ninyi shule kadhaa zisingefungua. Lakini tunaomba mtusikilize. Ni rahisi kupata fedha ya tenki, kwa kuwa tenki linapigwa picha. Ni vigumu kupata fedha ya sabuni, koki na fundi wa bomba, kwa kuwa sabuni iliyotumika haionekani. Tunaomba kila andiko la mradi liruhusu fungu la matengenezo kwa miaka 2 baada ya ujenzi.

Nanyi wana sharika, fungu hilo likiisha, sabuni isiombwe ng'ambo. Jumapili ya mavuno tunapiga mnada wa kuku, ndizi na mahindi, na kuku mmoja hununuliwa hata mara tatu kwa furaha. Mnada mmoja kwa mwaka ungetengwa kwa ajili ya maji na sabuni ya shule, tungevuka miezi mingi. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule, akiwakumbusha kwamba wanatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja. Kwetu sisi pengine ni vigae na spika za kwaya. Vyote ni vyema, lakini mtoto asiye na afya hataimba.

Tunachoomba mkafanye

Kabla ya kikao kijacho, kila kamati ituletee mambo manne yaliyoandikwa: idadi ya madirisha yanayofunguka, hesabu ya maji kwa siku na siku ambazo tenki litatosha, orodha ya watoto wasiorudi na sababu zao, na jina la mzee mmoja na mwalimu mmoja wenye wajibu wa kuwasiliana na zahanati. Karatasi moja inatosha. Sisi wa ofisi tutazijumlisha na kuzipeleka kwa washirika na kwa ofisi ya elimu ya wilaya.

Katika kitabu cha Nehemia tunasoma kwamba ukuta wa Yerusalemu ulijengwa upya kwa vipande, wengi wakijenga sehemu iliyoelekea nyumba yao wenyewe. Kipande kinachoelekea nyumba yenu mnakijua. Kuna tundu la choo lisilo na mlango, kuna dirisha lililozibwa, na kuna binti mmoja anayechunga mbuzi wa jirani saa za masomo. Anzeni hapo.